Kitambaa cha Maua cha Mama Povu

Kila jioni Seremala alisimamishwa mlangoni pa nyumba yake mwenyewe.

"Jikung'ute kwanza!" mkewe alimwambia. "Maranda yako yaishie huko huko nje."

Maranda ni yale maganda membamba ya mbao yanayotoka fundi anapopiga randa. Yalimjaa Seremala kwenye nywele, mifukoni, hata ndani ya soksi. Maskini alijikung'uta, akavua viatu, ndipo akaruhusiwa kuingia. Mkewe alifagia nyuma yake na kuyachoma moto. Mama huyo hakuwa na mchezo na uchafu. Alikuwa mfua nguo, na majirani walimwita Mama Povu. Jina hilo alilipenda.

Lakini mgongo ulikuwa umemchosha. Kuinama juu ya beseni kutwa nzima kulimuumiza mpaka akakosa usingizi. Daktari alimwambia wazi kwamba akiendelea hivyo, iko siku atashindwa kuinuka. Ndiyo maana aliamua kufuga kuku. Alinunua vifaranga, akawatengenezea bruda katika chumba kidogo cha nyuma. Bruda ni uzio wa mviringo, wake ulikuwa wa maboksi, wenye taa ya kuwapa vifaranga joto. Wakikua, angeachana na beseni. Wakifa, angelirudia, mgongo utake usitake.

"Utawatandikia nini?" Seremala aliuliza.

"Hilo niachie mimi. Wangu watalala pasafi."

Akatoa kabatini kitambaa chake cha mezani, cha plastiki, chenye maua mekundu. Akakitandika ndani ya bruda. Kiling'aa kweli kweli! Vifaranga walipokichafua, alikifuta kwa maji na sabuni. Walipokichafua tena, akakifuta tena.

Vifaranga wenyewe hawakufurahia. Walikimbilia chakula, wakateleza. Mmoja alibaki ameketi katikati ya maua, mguu mmoja huku, mwingine kule. Akafuata wa pili. Wengine walijikunyata chini ya taa, matumbo yamelowa. Mama Povu alipoona hivyo, akazidi kufuta.

"Mwite dada yangu," Seremala alimshauri. "Amefuga kuku tangu mimi na wewe hatujaoana."

"Wifi? Aje anicheke? Thubutu!"

Asubuhi iliyofuata alimkuta kifaranga mmoja wa wale waliolowa amekufa. Alimweka kwenye kiganja na kumtazama. Alikuwa mwepesi mno. Mama Povu akalia, kwanza kwa huruma, kisha kwa hofu. Halafu akafuta machozi na kuchukua simu.

"Wifi, njoo. Wananifia."

Wifi alifika mbio. Alichungulia ndani ya bruda, akashika kiuno.

"Wifi yangu, hapa ni bruda au ukumbi wa harusi?"

"Nicheke upesi, ukimaliza unisaidie."

Wifi alimtazama usoni, akaona macho mekundu. Mzaha ukamwishia.

"Haya, sicheki tena. Niambie, nikimwaga povu sakafuni nikakwambia ukimbie, utafika mlangoni?"

"Nitavunjika."

"Na wewe mifupa imekomaa. Ya kifaranga bado laini. Akiteleza kila mara, miguu inatanuka, hawezi kusimama. Asiposimama hafiki kwenye chakula wala maji."

"Basi niweke gazeti?"

"Gazeti peke yake nalo linateleza. Tena jambo lingine, plastiki hainyonyi maji. Unafuta, wao wanalowa. Taa inawapa joto mgongoni, huku tumbo liko kwenye baridi."

"Sasa wanataka kulalia nini?"

"Kitu kikavu, kinachonyonya maji, ambacho kucha zao zinaweza kukishika. Kitu hicho unakichoma moto kila jioni."

Mama Povu akamgeukia mumewe, ambaye tayari alikuwa anatabasamu.

"Usiniambie ni maranda."

"Ndiyo hayo hayo!"

Seremala hakungoja kutumwa. Alirudi kutoka karakana na gunia begani, kifua mbele, kama mtu aliyeshinda kesi. Wifi alitia mkono ndani ya gunia, akamzuia asimwage.

"Hili ni vumbi la msumeno, kaka."

"Si laini zaidi?"

"Ndiyo ubaya wake. Kifaranga atadhani ni chakula, ajaze tumbo. Likiruka litamwingia puani. Lete maranda manene ya randa."

Kifua kikarudi mahali pake. Seremala akaenda tena, akaleta maranda. Wifi aliyanusa.

"Mbao zake zimepakwa dawa ya wadudu?"

"Hizi hapana. Zenye dawa ziko kona nyingine."

"Maranda yake yabaki huko huko. Hiyo dawa ni sumu kwa vifaranga. Na yenye ukungu usilete."

Waliondoa kitambaa cha maua, wakakausha sakafu, wakamwaga maranda mpaka kina cha vidole vinne. Juu yake wakatandika gunia safi, ili vifaranga wazoee kwanza chakula chao, wasidonoe maranda. Gunia lingeondolewa baada ya siku chache. Chombo cha maji kikainuliwa kidogo juu ya kipande cha tofali. Wale wawili wa miguu iliyotanuka, Wifi aliwafunga miguu kwa utepe laini uliokatwa kwenye fulana kuukuu ya Seremala. Hakukaza. Aliacha nafasi ya kupiga hatua.

"Nisipofuta, usafi nitaufanyaje?" Mama Povu aliuliza kwa wasiwasi.

"Kwa mkono na pua. Finya maranda kiganjani. Yakishikamana, yamelowa. Yatoe, weka makavu. Kisha inama mpaka usawa wao. Harufu ikikuwasha macho wewe, wao inawaumiza zaidi. Na uyageuze kila siku, hasa karibu na maji."

Kazi ya kukagua kila siku! Mama Povu alijisikia nafuu.

Vifaranga waliacha kulowa. Walikimbia, wakasimama walipotaka kusimama. Utepe ulipofunguliwa, kifaranga mmoja aliyumba kidogo, kisha akaenda kunywa maji kwa miguu yake mwenyewe. Wa pili akamfuata. Mama Povu alimpigia wifi yake simu kumweleza hilo tu.

Kitambaa cha maua kilifuliwa vizuri na kurudi mezani. Wifi ndiye mgeni wa kwanza aliyekaribishwa kula juu yake, na siku hiyo alicheka mpaka akatosheka.

Leo kuku wa Mama Povu wanataga. Nguo za watu hafui tena, na mgongo umeanza kumsahau. Jioni moja Seremala alisimama nje ya mlango, akaanza kujikung'uta kama alivyozoea.

"Unafanya nini huko?" sauti ikatoka ndani.

"Najikung'uta, mke wangu."

"Usimwage mali ya watu!"

Mama Povu akatoka na lile beseni lake la kufulia. Akalikinga chini ya kichwa cha mumewe.

"Inama," alimwambia, akaanza kumkung'uta nywele taratibu.