Kiganja Kilichotazama Chini

Kila asubuhi binti aliyeitwa Sisimizi kwa kutochoka kwake aliwasha jiko, akachemsha chai, akafagia chumba, kisha akamvalisha mama yake blauzi. Alianza na mkono wa kulia, ule uliopooza, maana ndivyo walivyofundishwa hospitalini: mkono mgonjwa huvaa kwanza na kuvua mwisho. Akishafunga vifungo, aliulaza juu ya mto, kiganja chini, akauacha hapo kama mzigo wa mtu mwingine.

Kabla ya kiharusi, mama alikuwa msusi. Wateja walimwita Mkono Mwepesi, kwa kuwa hata mtoto mwenye kichwa kichungu alisinzia akisukwa naye. Sasa kiti cha wateja kilikuwa cha kuanikia nguo.

"Na mazoezi?" mama aliuliza, macho dirishani.

"Jioni, mama. Nitachelewa kengele ya shule."

"Haya. Jioni."

Jioni kulikuwa na vyombo, kulikuwa na maji ya kuteka, kisha usingizi. Ukweli ni kwamba Sisimizi aliogopa. Siku za mwanzo aliunyoosha ule mkono kama walivyoelekezwa, mpaka mama alipopiga ukelele uliowatoa majirani nje. Tangu hapo, akiugusa na kuukuta mzito na baridi, aliuachia upesi. Hakumwambia mtu. Mtaalamu wa mazoezi alipouliza hospitalini kama wanafanya kila siku, yeye ndiye aliyewahi kujibu: "Asubuhi na jioni!"

Siku moja darasani mwalimu wa sayansi alimwaga mifupa mezani: mguu wa mbele wa mbuzi, bawa la kuku, na bawa la popo aliyekufa darini.

"Mwalimu, na mchuzi uko wapi?" mtani wa darasa akauliza.

"Nimekunywa mimi. Njooni mguse."

Wakasogea, wengine wameziba pua. Mwalimu akagusa mfupa mmoja mmoja. "Juu, mfupa mmoja. Chini yake, miwili. Kisha vifupa vya kifundo, kisha vidole. Vya popo ni virefu, vimetandaza ngozi. Vya kuku vimeungana. Mbuzi anatembea kwa ncha za vidole viwili. Sasa jipapaseni mkono. Si mpango uleule? Zamani mno, kabla ya mbuzi na kabla ya mtu, wote hawa walikuwa na babu mmoja wa miguu minne. Kila kizazi watoto walizaliwa tofauti kidogo, na waliofaa mahali pao ndio walioishi wakazaa."

Akainua mguu wa mbuzi. "Hii mifupa miwili ya chini, kwake imeshikana. Hawezi kugeuza kwato zikatazama juu. Yenu inapishana. Shikeni kigasha, hapa kati ya kiwiko na kifundo, mgeuze."

Darasa zima likageuza viganja juu, chini, juu, kama watu wanaokinga mvua. Sisimizi aligeuza chake mara moja tu. Akilini aliuona ule mkono wa mama juu ya mto.

"Mwalimu, ya mtu inaweza kushikana?"

"Ya mbuzi ilichukua mamilioni ya miaka. Si mbuzi mmoja aliyezembea kwao!" Watoto wakacheka. "Ila mkono wa mtu usipochezeshwa, misuli na viungo hukakamaa. Huo hausubiri vizazi. Wiki chache tu."

Sisimizi hakucheka.

Jioni hiyo alishika vidole vya mama, akavigeuza. Vikagoma, kama mlango uliovimba kwa mvua. Mama aliuma kitambaa chake cha kichwani ili asilie. Sisimizi akauachia mkono, akatoka nje, akakaa kando ya ndoo. Nimeuua mwenyewe, aliwaza.

Walipokwenda hospitalini, mtaalamu aliupima mkono kwa muda mrefu. "Mnafanya kila siku?"

"Kila siku," mama akajibu. "Mwanangu huyu hachoki."

Kumsikia mama akidanganya kwa ajili yake kulimchoma kuliko ule ukelele. "Hapana," alisema. "Hatufanyi. Tangu ulipolia, mama, sijafanya. Ninaogopa."

Mtaalamu akashusha pumzi. "Leo nilitaka kusema mkono huu umekataa, nafasi yenu apewe mgonjwa mwingine. Kumbe haukujaribiwa." Hakutabasamu. "Siwezi kuwaahidi kusuka. Bega limekakamaa vibaya. Wewe binti ulikuwa unavuta kwa vidole?"

"Ndiyo."

"Basi ndiyo maana alilia. Egemeza kiwiko, shika kigasha, geuza polepole. Akiumia, simama. Usikimbie."

Wakaanza upya. Siku nyingi mkono haukujibu lolote. Wateja wa zamani walipita mlangoni na nywele zilizosukwa kwingine, wakasalimia haraka haraka. Jioni nyingine mama alisema, "Uache tu, mwanangu, umekufa huo," na Sisimizi, machozi yakimdondoka, aliendelea kugeuza.

Hata jioni moja kiganja kikageuka, nusu, kikatazama ukuta. Sisimizi akachukua chanuo la kazi, akaliweka juu yake. Likateleza. Akageuza tena taratibu, akaliweka. Likakaa, limeinama upande.

Hakuna aliyeshangilia. Mama alilitazama lile chanuo mpaka macho yakamlowa.

"Nilijua unaogopa," alisema. "Nami niliogopa maumivu, nikaona nikikunyamazia ndiyo huruma. Tumedanganyana kwa upole, mwanangu, na aliyeumia ni mkono. Labda sitasuka tena. Lakini wewe, kazi ikikutisha, sema inakutisha, uonyeshwe njia. Ukisema umefanya, nani atakusaidia?"

"Sirudii, mama."

"Haya. Toa chanuo. Tugeuze tena."

Sisimizi akaegemeza kiwiko cha mama yake, akashika kigasha.