Glavu za Gerson

Ndugu zangu mnaoamka na jogoo kwenda kazini, haya ni yenu kwanza. Wanaolala mpaka saa nne wasikilize tu, hayatawadhuru.

Juu ya Uyole, ukiiacha barabara kuu na malori yake ukapanda katikati ya mashamba ya viazi, kuna banda la farasi saba. Si farasi wa mkokoteni hao. Ni wa mbio za kuruka viunzi: farasi anakimbia na mtu mgongoni, mbele yake kuna kiunzi cha fito kinachomfika mtu mzima kifuani, naye anakiruka, tena na tena, mpaka mwisho wa uwanja. Mara chache kwa mwaka wenye mashamba wa Nyanda za Juu hukutanisha farasi wao, leo Mafinga, kesho Iringa, na watu hujaa kama kwenye mnada.

Mkuu wa banda hilo alikuwa Gerson, mtu wa miaka hamsini na kidogo, mpole, mwimba besi kanisani. Mkewe, Tusekile, aliwapikia uji wafanyakazi. Mtoto wao wa pekee, Dastan, kijana wa miaka ishirini na mbili, ndiye aliyewapanda farasi kwenye mbio. Alikuwapo pia Apolonia, mama wa Kihehe kutoka Iringa, aliyewasafisha na kuwalisha. Alfajiri ungekuta ukungu umelala juu ya mabati, farasi wanatafuna majani, Apolonia anaingia na ndoo na salamu ya kwao, "Kamwene," na Gerson anamwitikia huku wimbo wake wa besi haujakatika. Palikuwa na amani mahali pale, nami nasema hivyo kwa sababu niliiona.

Sasa shikeni jambo hili moja. Kabla farasi hajapewa chakula chake cha ndoo, Gerson alivua alichovaa mkononi na kuushusha mkono mtupu kwenye kila mguu, kutoka gotini mpaka kwatoni. Mguu wenye maumivu huwa na joto hata kabla farasi hajachechemea. Kisha alichukua chaki akaandika kwenye ubao ulio mlangoni, chini ya jina la kila farasi: baridi, au moto. Aliyeandikiwa moto hatoki siku hiyo, hata aje nani kumtaka. Desturi hiyo iliachwa na Mzee Marcelino, aliyemfundisha Gerson kazi, akampakata Dastan utotoni, na akazikwa pale pale kilimani miaka sita iliyopita. Neno lake lilikuwa hili: usiandike ambacho mkono haujasema.

Miongoni mwa farasi saba alikuwamo jike mmoja mwekundu, jina lake Fadhila. Watu walitania kwamba fadhila za punda ni mateke, lakini Fadhila wa Gerson alilipa vizuri. Mwezi wa tatu alishika nafasi ya tatu. Mwezi wa tano, Mafinga, akawa wa kwanza. Mwezi wa sita akawa wa kwanza tena, akiwaacha wenzake viunzi viwili nyuma. Siku hiyo Gerson aliitwa mbele ya watu, akavishwa glavu za ngozi nyeusi kama zawadi ya mtunza farasi bora. Watu wakaanza kumwita Profesa. Alipopita sokoni Uyole, wauza viazi walimsimamisha wapige naye picha.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwezi wa saba kule juu ni mwezi wa sakitu, majani yanavunjika chini ya viatu, na mguu wa farasi alfajiri umelowa umande wa barafu. Zamani Gerson aliuvumilia ubaridi huo. Sasa alikuwa Profesa, mwenye glavu. Kwanza alipapasa akiwa amezivaa, na mkono uliovaa ngozi hausemi kitu. Baadaye aliona hata kuinama ni kazi bure. Alisimama mlangoni, akawatazama farasi wake saba, akaandika baridi, baridi, baridi mpaka mwisho. Apolonia alimwuliza mara moja kama leo hapapasi. Alijibiwa kwamba kuna watu wanaojua kwa macho.

Jumatatu ya wiki ya mbio za Iringa, Gerson alifungua kufuli alfajiri na kukuta ubao umeshaandikwa. Chini ya jina la Fadhila palikuwa na neno moja, moto, na herufi yake ya kwanza ilikuwa na mkia mrefu unaoshuka chini. Gerson aliijua herufi ile. Kwa miaka ishirini na minne alikuwa ameisoma kila siku, na aliyekuwa akiiandika yuko kaburini. Ufunguo wa banda ni mmoja tu, nao ulilala kwenye msumari jikoni kwake.

Alifuta kwa kiganja cha glavu, akaandika baridi, hakumwambia mtu. Fadhila alikuwa amesimama kwenye kona, ameuelekeza mguu wa mbele wa kushoto nje kidogo, kama mtu anayekupisha uone. Hatua tano tu kutoka pale mlangoni. Gerson hakwenda.

Jumanne neno lilikuwapo. Jumatano lilikuwapo. Gerson alifuta, na kila alipofuta, mkono wa kulia ulizidi kupoa ndani ya glavu. Sisemi mzaha: mkono ulipoa kweli. Aliuweka juu ya mafiga, akaushikisha kikombe cha uji unaofuka, haukusikia. Jumatano hiyo alipomgusa mkewe begani, Tusekile alishtuka akaugeuza ule mkono na kuutazama.

"Baba Dastan," alisema, "mkono huu una ubaridi wa mtu aliyelazwa kwenye jeneza. Umeshika nini?"

Akasema ni sakitu tu. Mama wa watu aliomba kimya kimya, akaenda kulala na hofu yake.

Alhamisi alifuta mara ya nne, kisha Fadhila akapakiwa kwenye lori, Dastan na Apolonia wakaondoka naye kwenda Iringa. Tusekile alipanda lori hilo hilo mpaka Chimala kumwona dada yake aliyejifungua. Gerson alibaki na farasi sita, awafuate Ijumaa kwa basi. Jioni alifunga banda mwenyewe. Safari hii ufunguo hakuutundika. Aliutia mfukoni na kulala na suruali yake, maana moyoni alikuwa ameanza kuogopa ule msumari.

Ijumaa alfajiri alifungua. Chumba cha Fadhila kilikuwa kitupu, majani yake makavu hayajaguswa. Kwenye ubao, chini ya jina lake, palikuwa pameandikwa moto. Farasi sita walisimama bila kutafuna, wote wameuelekea mlango. Gerson akabaki ameshika kitambaa, na simu ikaita.

Alikuwa Dastan. Alimwamkia baba yake kwa heshima, akasema wamefika salama, kisha akauliza.

"Baba, mguu wa mbele wa kushoto. Ulishaupapasa mwenyewe wiki hii?"

Ndugu zangu, hapa ndipo njia zilipoachana. Neno moja tu, sijaupapasa, na kijana angemrudisha farasi kwenye lori. Lakini Profesa amwambie mtoto wake kwamba wiki tatu anaandika uongo?

"Nimeupapasa," Gerson alisema. "Ni baridi."

"Sawa, baba. Basi ni mkono wangu uliokosea."

Gerson akafuta mara ya tano.

Uwanja wa mbio uko kwenye shamba moja nje ya Iringa, ukishapita Tosamaganga. Jumamosi watu walijaa, masista wawili walikuwa na miavuli, watoto juu ya matela. Watu walimzunguka Gerson wakitaka Profesa awaonyeshe anavyomkagua farasi. Akavua glavu ya kulia, kwa mara ya kwanza mbele za watu tangu apewe, akainama, akaushusha mkono kwenye ule mguu. Hakusikia joto. Hakusikia chochote, wala manyoya. Alijua mkono wake umekufa ganzi wiki nzima, na alijua kwamba mkono uliokufa hauwezi kutoa ushahidi. Watu walikuwa wanamtazama. Akainuka akasema, "Baridi." Dastan akapanda.

Waliruka viunzi saba vizuri, Fadhila akiwa wa pili, uwanja mzima unalitaja jina lake. Kiunzi cha nane alikiruka vizuri pia. Alipotua, mguu wa mbele wa kushoto ulilia kama ufito mkavu unapokanyagwa. Sauti hiyo ilisikika mpaka kwa wale masista. Fadhila alianguka kwa ubavu, na Dastan chini yake.

Daktari wa mifugo alizungushia turubai, na Fadhila hakutoka tena mle. Kipaza sauti kilisoma matokeo kama kawaida, wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha kikasema: Fadhila, hakumaliza. Apolonia aliokota glavu moja nyeusi kwenye majani akaifunga kwenye khanga yake. Alimpita Gerson bila kumtazama, na Gerson aliona afadhali angetukanwa.

Hospitalini, mguu wa kulia wa Dastan ulikatwa chini ya goti. Siku ya tatu ndipo alipoweza kuzungumza. Tusekile alikuwa ameketi upande mmoja wa kitanda, Gerson upande mwingine, mkono wake wa kulia ameuficha kwenye koti.

"Baba," Dastan alisema, "ni mimi niliyekuwa naandika kwenye ubao. Nilichukua ufunguo kwenye msumari mlipokuwa mmelala, nikaupapasa mguu wa Fadhila, ukanichoma. Nisingeweza kukusahihisha mbele ya watu. Nikaona nikiandika utasoma, utaupapasa mwenyewe. Herufi zile alinifundisha Mzee Marcelino kwa chaki ile ile."

Gerson aliuliza kwa nini basi alipanda.

"Niliandika mara nne, ukafuta mara nne. Nikasema mkono wa baba ni wa miaka thelathini, wangu wa juzi. Nikakuamini wewe, nikauacha wangu."

Gerson alilia mbele ya mkewe na mwanawe bila kujificha. Alisema yote: glavu, wiki tatu, simu ya Ijumaa. Tusekile alimsikiliza mpaka mwisho, akatoka nje akakaa kwenye benchi muda mrefu. Aliporudi hakusema amesamehe. Alisema uji umepoa, akaomba maji ya moto kwa muuguzi.

Ila kuna kitu kimoja Gerson hakukisema siku hiyo, amekuja kukisema baadaye. Dastan alihesabu mara nne. Yeye alifuta mara tano. Ile ya Ijumaa, ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, Dastan yuko Iringa, mama mtu yuko Chimala. Mpaka leo hajapatikana aliyeiandika, na mkia wa herufi yake, anasema Gerson, ulikuwa mrefu kuliko wa zile nne.

Leo ukipanda pale juu utamkuta Dastan na magongo yake. Yeye ndiye mkuu wa banda. Anakaa kwenye kigoda mbele ya kila farasi, anapapasa, anataja, na Apolonia anaandika. Gerson anabeba ndoo. Wiki iliyopita mwenye shamba, ambaye farasi ni mali yake, alitaka farasi mmoja apelekwe Mafinga. Dastan akasema moto, na safari ikavunjika pale pale, hakuna aliyebisha. Mkono wa Gerson haujapata joto tena, wala hausikii kitu. Madaktari wameupima, hawajaona ugonjwa. Kila asubuhi anauweka kwenye bega la mwanawe, na kila asubuhi anamwuliza mkewe: ana homa, au yuko salama? Tusekile ndiye anayemjibu.

FUNZO

Wapo watakaosema hii ni hadithi ya farasi. Haya, na daftari la mahudhurio lililojazwa kabla ya kipindi? Na breki za basi zilizotiwa alama ya vema na fundi ambaye hakuinama? Na mama mjamzito aliyeandikiwa presha ya jana? Kila kazi ina mguu wake wa kupapasa alfajiri, na kuna sakitu, na kuna glavu za sifa. Uongo wa kazini hauanzi na ubaya. Unaanza na uvivu mdogo wa mtu anayesifiwa, na anayeulipia mara nyingi ni yule anayetuamini kuliko wote. Watoto wetu nao tuwape nafasi ya kutuambia tumekosea, kwa mdomo, mchana, bila kuiba ufunguo. Na wewe, kama leo umeandika ambacho mkono wako haujagusa, rudi ukakifute kabla jua halijachomoza.