Popo wa Pangoni na Mfyulisi wa Salome

Katika kijiji chao, karibu na Mwazye, watu walimwita Modesta Mama Salome, ingawa Salome mwenyewe hakuwepo tena. Homa ilimchukua akiwa na miaka sita. Aliacha mti mmoja wa fyulisi nyuma ya jiko. Kokwa aliipanda mwenyewe, akawa anaimwagilia maji kwa kikombe chake cha uji.

Kila Krismasi Modesta alichuma matunda ya mti ule na kuyapanga kikapuni. Aliyapeleka kanisani siku ya matoleo, wengine wakipeleka mahindi, ulezi na kuku. Njiani hakusema neno. Mumewe, Oswaldi, alijua jambo moja: kikapu kile ndicho kilichomvusha mkewe mwaka hadi mwaka.

Desemba ya mwaka jana mambo yaliharibika. Asubuhi moja walikuta mafyulisi matano chini, yametafunwa nusu. Kesho yake yalikuwa tisa.

"Ni popo," alisema Modesta. "Nimewasikia mtini. Baba Salome, mpaka Krismasi halitabaki hata moja."

Hakulia. Afadhali angelia.

Oswaldi alikwenda kwa jirani yake, Timoth. Timoth hakuhitaji kufikiri.

"Ni wale wa pango la kijitoni," alisema. "Umewahi kuwatazama usoni? Pua kama imekanyagwa na ng'ombe! Viumbe vya laana vile."

"Una hakika ndio wanaokula matunda yangu?"

"Popo ni popo, ndugu yangu. Unataka wakuonyeshe kitambulisho?"

Siku ya Jumatatu, jua likiwa utosini na popo wamelala, walikwenda pangoni. Mlango wake ulikuwa mdogo, kama wa banda la mbuzi. Waliwasha majani mabichi, pilipili kavu na vipande vya tairi la baiskeli. Kisha wakaziba mlango kwa mawe na udongo. Ndani zilisikika kelele nyembamba. Oswaldi aliondoka haraka ili asizisikie.

"Nimemaliza," alimwambia mkewe. "Kikapu chako kitajaa."

Modesta alimshika mkono. Ulikuwa umepita muda mrefu hajamshika mkono.

Asubuhi ya Jumanne Oswaldi alikwenda nyuma ya jiko. Chini ya mti kulikuwa na mafyulisi kumi na moja, yametafunwa nusu.

Alikuwa bado amesimama pale aliposikia pikipiki. Alikuwa Suma, bibi shamba wa kata, binti kutoka Tukuyu. Alikuwa akipita kukagua viwavijeshi kwenye mahindi machanga.

"Shikamoo, Baba Salome. Mbona umepauka hivyo?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi na Timoth tumewaua popo wote wa pangoni, na bado matunda yanaliwa."

Suma alivua kofia yake ya pikipiki taratibu. "Pango la kijitoni? Lini?"

"Jana mchana."

"Mmeliziba?"

"Tumeliziba."

"Twende. Chukua jembe na koleo. Twende sasa hivi!"

Njiani Suma alieleza kwa pumzi za haraka. Alipokuwa chuoni Morogoro aliwasaidia watafiti kukamata popo na kuwapima.

"Kusema popo ni kama kusema ndege," alisema. "Mwewe ni ndege, njiwa ni ndege. Mwewe akiiba kifaranga, utamchinja njiwa?"

Walibomoa ukuta. Moshi mchungu ulitoka. Suma alijifunga kitambaa puani, akamfunga na Oswaldi, kisha akavaa glovu.

"Tusiingie. Na usimguse popo kwa mkono mtupu, mzima wala mfu. Anaweza kuwa na ugonjwa. Akikuuma, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, uende zahanati siku hiyo hiyo."

Jua lilimulika ndani. Sakafu yote ilikuwa imefunikwa na popo waliokufa, mmoja juu ya mwingine, kama majani makavu.

Suma alichutama. Kisha akamwokota mmoja.

"Tazama pua yake. Hii ngozi pana ni kama jani. Popo huyu hutoa sauti kwa pua, na jani huielekeza sauti mbele. Wewe ukimwita mtu ng'ambo ya bonde, si unaweka viganja mdomoni? Sauti ikigonga mdudu hurudi, naye anajua mdudu yuko wapi."

"Mdudu? Si tunda?"

"Hali tunda kabisa. Anakula nondo, mbawakavu na kumbikumbi. Nondo ndio mama wa viwavijeshi wanaokula mahindi yako. Siwezi kusema popo hawa wangewamaliza viwavi. Lakini walikuwa wanakusaidia."

Alimwokota mwingine, mdogo zaidi. "Huyu si ndugu wa yule. Jani lake chini limepinda kama kwato la punda, juu lina ncha. Hii ni jamii nyingine. Na ndani ya kila jamii kuna aina nyingi. Nyingine zinafanana sura, ila sauti zake ni tofauti. Hata wataalamu hawajamaliza kuzitambua. Labda humu ilikuwemo aina ambayo haijapewa jina."

"Sasa?"

"Sasa hatutajua."

"Na anayekula mafyulisi?"

"Ana uso kama wa mbwa mdogo na macho makubwa. Puani hana jani. Nimewaona wamening'inia kwenye ule mkuyu wa bondeni. Wengine wa jamii yake hulala mapangoni pia, ndiyo maana hutazami anapolala. Unatazama uso."

Oswaldi alikuwa anatazama kitu kingine. Karibu na mlango alilala popo jike. Mtoto wake alikuwa bado amemng'ang'ania kifuani. Wote wawili walikuwa wamekufa.

"Anazaa wangapi kwa mwaka?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mmoja tu."

Oswaldi aliketi juu ya mawe ya ukuta wake mwenyewe. "Mwanangu, nifanye nini?"

"Kwa hawa, hakuna kitu," alisema Suma. "Liache pango wazi. Mwambie na Timoth. Labda kwenye nyufa za ndani wamo waliopona."

Siku hiyo hiyo Suma aliwafundisha Oswaldi na mkewe kuokoa matunda yaliyobaki. Walishona vifuko vya karatasi za mifuko ya saruji na kufunika kila tunda mtini. Mengine yaliyokomaa waliyachuma yangali magumu, yakaivia ndani, yamefukiwa kwenye ulezi.

Modesta alishona bila kuinua macho. Oswaldi alikuwa amemsimulia yote, hata habari za yule jike na mtoto wake.

Krismasi ilipofika, kikapu kilikuwa na mafyulisi kumi na matatu. Hakikujaa hata nusu, lakini hakuna hata moja lililong'atwa. Modesta alikibeba mpaka altareni. Walipokuwa wakirudi, alizungumza njiani kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule wa msiba.

"Tupitie pangoni," alisema.

Waliketi mbali kidogo na mlango, jua likizama. Zamani popo wale walitoka kama moshi wa tanuri, huwezi kuwahesabu. Sasa waliwahesabu. Walikuwa kumi na wanne.

"Mtoto mmoja kwa mwaka," alisema Oswaldi. "Tutakufa kabla hawajajaa tena."

"Tutakufa," alisema Modesta. "Wao waendelee."

Mwaka huu vifuko vimefungwa mapema, na kikapu kimejaa. Timoth naye amefunika mapera yake, na watoto wakienda na moto kijitoni yeye ndiye anayewafukuza. Jioni ya Krismasi Oswaldi na mkewe waliketi tena mahali pale pale.

Popo walikuwa kumi na saba. Modesta aliwahesabu mara mbili.