Neno Jipya katika Daftari la Papa Barthélemy

Kila Jumamosi saa nane mchana, Adrienne alitoka nyumbani kwao katika mtaa wa Panda kwenda kwenye ukumbi wa parokia kucheza mchezo wa maneno ya Kiingereza. Wachezaji walipanga vipande vya mbao vyenye herufi. Aliyejua maneno mafupi yasiyojulikana na wengi ndiye aliyeshinda: "adze", yaani tezo la seremala, au "zax", yaani nyundo ya kukatia vigae vya paa.

Mchezo huo uliletwa na Papa Barthélemy, karani wa kiwanda aliyejifunza Kiingereza peke yake. Kila neno alilolipata aliliandika katika daftari pamoja na maana yake, na wachezaji walipobishana, daftari ndilo lililoamua. Alifariki mwaka jana. Kiti chake kiliachwa mahali pake, na hakuna aliyekikalia. Mjane wake, Maman Simone, ndiye aliyetunza daftari na ufunguo wa ukumbi.

Jumamosi moja Adrienne alibaki na herufi tatu tu: V, U na Z. Carlos, mpinzani wake, alipotoka kunywa maji, Adrienne alifungua daftari. Chini ya ukurasa, akiiga mwandiko wa marehemu ulioinama, aliandika: "vuz: moshi wa asubuhi juu ya bonde."

"Ile ni bongo, uongo mutupu!" Carlos alisema aliporudi. "Vuz ni kintu gani? Weye umetunga."

"Angalia mu kaye ya papa."

Carlos aliangalia daftarini, akajikuna kichwa. "Bon. Kama papa ameandika, minye nanyamaza."

Adrienne alishinda. Nyuma yake kiti cha marehemu kililia, krii, kana kwamba mtu ameketi. Hakuna aliyekuwa karibu nacho.

Tangu siku hiyo neno lile lilimfuata. Asubuhi moshi ulipotanda juu ya mabati ya Panda, alijikuta akiuita vuz. Kila alipofungua daftari, herufi zake zilizidi kufanana na za marehemu. Wiki ya tatu hakuweza tena kuona mahali mkono wa marehemu ulipoishia na wake ulipoanzia.

Jumamosi iliyofuata Maman Simone alimwita.

"Adrienne, mutoto wangu, Carlos alinisomea neno moja, vuz. Papa alitembea mu ule moshi miaka makumi tatu akienda kazi. Hata siku moja hakuniambia kama aliuona. Kesho nitalipeleka kwa mwenye kuchapa nguo za kumaliza matanga. Litakuwa chini ya picha yake."

"Kesho, maman?"

"Eh, kesho. Batu mia moja batazivaa."

Adrienne alikitazama kiti kitupu. Watu mia moja wangevaa uongo wake kifuani, na uso wa marehemu juu yake.

"Maman, ile neno si ya papa. Njo minye niliiandika. Nilitaka kushinda."

Maman Simone alifungua daftari, akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Nimelia juu ya mustari huu," alisema.

"Pardon, maman."

"Nimesikia. Sikiliza na weye. Muntu mwenye angali muzima ukimusingizia, atasema: hapana, si minye. Aliyekufa hawezi. Njo maana sisi wazima tunapaswa kusema kweli mahali pake." Alimpa kalamu. "Usifute. Pitisha mustari mumoja, andika jina lako pembeni. Na Carlos utamwambia weye mwenyewe. Sasa nisomee maneno yake ya kweli."

Adrienne alisoma polepole, neno na maana yake, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akafika kwenye "ort": makombo yanayobaki kwenye sahani.

Maman Simone aliangua kicheko mpaka akajifuta machozi. "Ile njo papa! Hakumaliza sahani hata siku moja, na minye nilimugombeza kila siku. Tutaandika ile chini ya picha."

Adrienne alichukua karatasi ya kumpelekea mchapaji. Alilinakili neno lile kwa mwandiko wake mwenyewe.