Marinda ya Bibi Amna

Kila Alhamisi ya mwanzo wa mwezi, baada ya sala ya alasiri, Tamima hulifungua kasha la marehemu mama yake, Bibi Amna, akazitoa nguo moja moja na kuzifukiza udi. Alyaa, mwanawe wa miaka kumi na miwili, ndiye hupuliza makaa ya chetezo.

Alhamisi moja Alyaa alikaa mbali. Mama aliikunjua surwali nyeupe ya Bibi Amna, aliyoshonewa Unguja na mama yake mzazi kwa ajili ya harusi. Miguuni palikuwa patupu. Marinda yaliyozunguka vifundoni yote hayapo.

"Nini hiki?"

"Panya, Mama," alijibu Alyaa.

Hapakuwa na panya. Wiki mbili nyuma, wasichana wa skuli yao hapo Ibra, Oman, waliambiwa waje na mavazi ya bibi zao. Alyaa akaichukua surwali ile kashani bila kumwambia Mama. Surwali ya Rasha, mwenzake wa darasani, ilibana vifundoni, imejaa zari. Akaitazama ya Alyaa na kucheka. "Habibti, umevaa pazia miguuni?" Darasa zima likacheka. Alyaa akaingia chooni na mkasi, akayakata marinda. Jioni akaikunja surwali vizuri, akairudisha kashani.

Mama hakugomba. Alikaa chini na ile nguo mapajani. "Kosa langu. Sikutia kafuri. Mama kaniachia kitu kimoja cha mkono wa mama yake, nami nimewalisha panya." Hakula chakula cha usiku. Alyaa alimsikia chumbani akisema polepole, "Nisamehe, mama."

Ijumaa alikuja Bibi Tufool kutoka Sur, mdogo wake Bibi Amna.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Aliishika surwali, akapitisha kidole palipokatika. "Panya huyu kasoma. Kakata kwa mstari."

"Uzembe wangu, khalati," Mama alimwambia mama yake mdogo, macho yamemvimba. "Mlaumu mimi."

Alyaa hakuweza kuyasikia tena hayo. "Si wewe, Mama. Nimekata mimi. Walinicheka." Akaenda kuyatoa marinda chini ya godoro lake.

Bibi Tufool aliyashona hadi magharibi. Ule ushoni wa mama yake hakuwahi kujifunza, kwa hiyo mshono mpya ulionekana. Mama aliupapasa, akalia tena, lakini safari hii alimvuta Alyaa kifuani.

"Watu wa Sur wana vazi lao, wa Ibra wana lao," alisema Bibi Tufool. "Hili letu limekuja na watu waliovuka bahari kutoka Unguja, na wengi wao hawapo tena. Akikuuliza mtu ni la wapi, mwambie. Kukata ulikata kwa haya, na uzi umerudisha ulichoweza kurudisha. Lakini uongo wako ulimtwika mama yako kosa lisilo lake, akalilia peke yake usiku kucha. Ukimwona mwenzio amebeba kosa lako, mtue upesi, hata kama wewe utaona aibu."