Pumzi ya Perlita

Perlita alivuta pumzi, akainua tarumbeta, akapuliza. Hakikutoka kitu. Hata mkwaruzo.

"Tena," akasema Mwalimu Leonila.

Kimya.

Mwalimu huyu hakuwa mtu wa kubembeleza. Miaka thelathini alifundisha wapigaji wa bendi za mkoa wa Cavite, na ukichelewa dakika tano alikufungia mlango, mvua inyeshe isinyeshe. Akamshika Perlita taya: halikuwa limekaza. Akamkagua meno, akamwekea kiganja tumboni, akampa kipulizio peke yake bila tarumbeta. Kimya vilevile.

"Basi ni woga. Wiki ijayo sikukuu ya mtakatifu, wewe ndiye tarumbeta la kwanza. Unaogopa watu."

"Watu gani, Mwalimu? Hao hao walioniona nikitumbukia mtaroni na tarumbeta langu? Siogopi. Nikishavuta pumzi, kuna mtu anaimaliza. Na binamu yangu Nestor ameshaanza kujipimia kofia yangu ya bendi."

"Vuta, nisikie."

Leonila akasogeza sikio. Akasikia pumzi ikiingia, na nyuma yake ya pili, nzito, yenye kohozi, ikivutwa karibu kabisa na shingo ya Perlita, na chumba kizima kikanuka maua ya jeneza yaliyooza majini, ingawa mle ndani hapakuwa na ua hata moja.

"Mara ya mwisho ulipiga wapi?"

"Mazishi ya Mzee Gaudencio." Yule mzee wa pumu, aliyekufa kinywa wazi.

"Mkatoka makaburini mkapitia wapi?"

Maana watu wa Cavite hawatoki mazishini wakaenda moja kwa moja majumbani. Hupitia mahali pengine kwanza, ili marehemu akiwafuata apotelee huko.

"Wenzangu walipitia bekari. Mimi nilikuja hapa. Saa ya somo ilikuwa imefika, na mlango wako naujua."

Leonila akachukua ufunguo wa mlango. Alijua kosa ni la nani, na kujua huko hakukumuuma popote.

Wakaenda kwa Bibi Urbana, mganga. Bibi akadondosha nta ya mshumaa kwenye beseni la maji, ikaganda umbo la kinywa.

"Mzee anatafuta pumzi, maskini," akanong'ona. "Nendeni kaburini, mrudi kwa kupitia bekari, mkae mpaka kahawa ipoe kabisa. Msiharakishe. Mtu wa pumu hatembei mbio."

Mchana ule wakaenda kaburini, wakarudi wakakaa bekari. Kahawa ilikuwa bado inafuka Leonila alipotazama saa ya ukutani.

"Inuka. Saa tisa nina mwanafunzi."

"Bado ya moto, Mwalimu."

"Imetosha."

Alhamisi Perlita akaja, akainua tarumbeta, na sauti ikatoka, safi, nene, mstari wa kwanza wa wimbo wa maandamano na wa pili, na Leonila kwa mazoea akawa anahesabu mahali pa kuvuta pumzi, pa kwanza pakapitwa, pa pili pakapitwa, ukurasa ukageuzwa, na kifua cha Perlita kimelala tuli kama ubao, wala bega halikupanda, wala pua haikutanuka, wimbo ukaenda na kwenda mpaka ukafika mwisho wake bila yeye kuvuta hewa hata mara moja.

"Vipi, Mwalimu?" Midomo ilikuwa ya zambarau, inatabasamu.

Leonila akamwekea kiganja chini ya pua. Akakiacha hapo kitambo. Hakikupata joto, hakikupata unyevu.

"Nipige sikukuu?"

"Piga," akasema Leonila, akafuta kiganja kwenye sketi, akaenda kumfungulia mwanafunzi mwingine.