Miche Sita ya Sukari Bafuni

Hapana, si wino. Hiyo zambarau mnayoiona mikononi mwa Idder kwenye picha ya posa si wino wala hina. Ni karatasi ya sukari. Ngojeni niwaeleze, msinikimbize.

Ijumaa ile Idder alikuwa njiani kwenda kumposa Tuda, kijijini kwao binti, mbele ya mji wa Tagounite, huku kwetu kusini mwa Moroko. Anaendesha lile gari-nyumba lake analobebea wageni jangwani, lina kitanda, lina jiko, hata bafu limo. Pembeni amekaa mama yake mdogo, Itto, ndiye msemaji wa ukoo, na mdomo anao. Nyuma kuna miche sita ya sukari nyeupe, ile iliyochongoka kama mnara, imefungwa karatasi ya zambarau. Maana kwetu sukari ndiyo inayoingia mlangoni kwanza, wewe mposaji unafuata.

Sasa sukari kaiweka wapi? Bafuni. Msicheke! Mtu wa jangwani atakoga garini, na maji yenyewe ya kubembeleza? Kwa Idder lile bafu ni kabati tu, tena kavu kuliko yote.

Mwaka uliotangulia alikuwa njiani hivi hivi, akakumbuka kanzu mpya kaisahau mjini Zagora. Akageuza. Kila Tuda akipiga simu, anajibiwa, "Nipo karibu, nafika." Akafika kesho yake. Wazee walikuwa wamekaa, wamengoja, wameondoka. Tuda alilia mpaka macho yakavimba, na miezi kumi hakupokea simu yake. Halafu siku mbili kabla ya Ijumaa hiyo akatuma ujumbe:

"Ijumaa. Kuskusi inafunuliwa watu wakitoka msikitini. Ukiwa hupo nitakula, na sitakungoja tena."

Basi saa tano na nusu, kati ya jangwa, Itto akasema:

— Simama nitie udhu.

— Mama mdogo, tutachelewa!

— Mungu kakupa mchumba mara ya pili, wewe unamnyima dakika tano?

Idder akasimama. Itto akajifungia bafuni, akafungua bomba. Lile bomba lina kishikio: ukikigeuza huku maji yanatoka chini, huku yanatoka juu. Yakatoka juu.

— Idder! Gari lako linanyesha mvua!

Idder aliruka, akaikumbatia ile miche kama mtu anayeokoa watoto kwenye mafuriko. Akaimwaga nje juu ya turubai. Mitano ilikuwa uji. Mmoja umesimama, lakini kichwa hauna.

— Mama mdogo, umenimaliza.

— Nimekumaliza mimi? Nani kamtuma mtu mzima aweke posa chooni?

Idder akakaa mchangani, kanzu yake nyeupe inachuruzika zambarau.

— Narudi Zagora nikanunue mingine.

— Kwenda na kurudi ni muda gani?

— Saa tatu.

— Mwaka jana kanzu, mwaka huu sukari. Mwakani utarudia nini, meno?

Simu ikaita. Tuda.

— Uko wapi?

Neno "nipo karibu" lilimfika kabisa ulimini. Akatazama mikono yake.

— Tuda, sukari imelowa. Umebaki mche mmoja, na wenyewe umekatika kichwa. Nilitaka nigeuze.

— Imelowa? Huko jangwani?

— Jangwani.

Idder anasikia sahani zinagongana jikoni kwao.

— Idder, mwaka jana nilikaa dirishani siku nzima. Nilikuwa nangoja kanzu?

— Hapana.

— Basi.

Akakata.

Idder akainuka. Akapunguza upepo wa matairi yasizame, akaacha barabara, akakata katikati ya mchanga. Itto kaupakata ule mche, kauviringisha shali yake.

— Polepole! Unamtikisa mtoto!

— Mshike vizuri basi!

— Nimemshika! Wewe tazama mbele!

Walipofika, wanaume ndiyo kwanza wanatoka msikitini. Baba yake Tuda, mzee Lhou, alikuwa mlangoni kwake, kafunga mikono.

— Mwaka jana ulikuja na hadithi. Leo umekuja na nini?

Idder alikuwa ametunga maneno njia nzima. Yote yakamtoka kichwani. Akanyoosha mikono tu, zambarau mpaka kwenye viwiko.

Itto akasogea.

— Kaka Lhou, kosa ni langu. Nilifungua bomba la kile choo chao cha garini. Kijana alileta sukari kamili, mimi ndiye niliyeiogesha.

Akafunua shali. Mzee akaupokea ule mche, akaugeuza huku na huku.

— Mlitoka na mingapi?

— Sita.

— Na mitano?

— Mchangani, mzee, — Idder akasema. — Sisimizi wa kule leo wana harusi.

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Alidhani atajizuia, hakuweza. Alicheka mpaka akashika mlango.

— Leteni nyundo!

Akauvunja mwenyewe, akatia pande ndani ya birika la chai. Na baba wa binti akishatia sukari yako kwenye birika lake, neno limekwisha. Akamimina, akaonja, akakunja uso.

— Ina ladha ya karatasi. Unanitazama nini? Kunywa, mwanangu.

Mwanangu! Idder alishusha pumzi, nadhani aliibana tangu mwaka jana.

Tuda akaja na jagi la maji na beseni. Akammiminia. Idder anasugua, haitoki.

— Leta sabuni.

— Iache.

— Watu watanicheka.

— Wacheke. Mimi nataka waione.

Hapo ndipo mtu akapiga ile picha. Kisha kuskusi ikafunuliwa, mvuke ukapanda mpaka darini, na Itto akawapiga watu viwiko.

— Sogeeni huko, nina njaa tangu bombani!

Wakasogea. Tuda akakaa, Idder akakaa, mzee akasema bismillahi, na wote wakala.